Mgeni wa Barafu Jikoni kwa Hildegardi

Aliyesimulia kwanza habari hii ni Lukresia, binti mkubwa wa Protasi na Beata, mwezi Agosti mwaka 2018, mbele ya ndugu waliokuja kijijini Mpepai kusaidia kuchuma kahawa. Alisimulia mara moja, hakurudia. Yanayofuata ni kama alivyoyasema, pamoja na machache ambayo Beata aliyathibitisha baadaye.

Jambo lenyewe lilianza na kigoda kilicholowa. Ilikuwa Julai ya mwaka uliotangulia, asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashimo ya ngoro, yale yanayochimbwa kwenye mashamba ya mlimani. Beata aliingia jikoni kuchochea moto akakuta kigoda cha wageni kina maji. Alitazama juu. Bati lilikuwa kavu, na mvua ilikwisha tangu Mei. Akakifuta kwa kitambaa, maji yakamuuma vidole kwa baridi, akaendelea na kazi zake.

Alikuwa na la kumshughulisha zaidi. Kitinda mimba wake, Frederick, alizaliwa kabla ya siku zake, na alikuwa mdogo kiasi kwamba kanga ilimmeza. Nesi Tumpe, mwanamke wa Tukuyu aliyehamishiwa zahanati ya kijiji, alimwambia wazi: maziwa mtoto huyu anayapata, kitakachomuua ni baridi. Kwa hiyo jiko, kijumba cha matofali nyuma ya nyumba kubwa, likawa chumba cha mtoto, na moto wake haukuachwa kuzimika.

Mlinzi wa moto huo alikuwa Bibi Hildegardi, mama yake Protasi. Macho yake yalikuwa yamefifia, hakuweza tena kuchambua kahawa, lakini kuni alizijua kwa kuzishika. Ili asichoke, Lukresia alimsomea. Lukresia alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, anasubiri ajira, na misheni walipohamisha maktaba yao walimpa kasha la vitabu ambavyo havikuwa na mtu wa kuvitaka. Karibu vyote vilihusu nchi za barafu: meli zilizokwama bahari ilipoganda, watu wanaojenga nyumba kwa theluji, mbwa wanaovuta magari yasiyo na magurudumu. Alisoma Kiingereza kimoyomoyo, akasema Kiswahili kwa sauti, jioni, maharage yakichemka.

"Hao watu kuni wanapata wapi?" Bibi aliuliza siku ya kwanza.

"Hakuna mti hata mmoja, Bibi. Wanawasha mafuta ya mnyama wa baharini."

"Na ugali?"

"Hawali ugali."

"Ndiyo maana wanakufa," alisema Bibi, na Beata akacheka mpaka mtoto akaamka.

Jioni ya kuamkia asubuhi ile ya kigoda, Lukresia alisoma kitabu chenye jalada la bluu. Kilieleza safari ya wanaume waliovuka barafu kwa miguu. Mmoja wao aliumia mguu, akawa anawachelewesha. Wenzake walimwachia hema, taa na biskuti, wakamwahidi kurudi. Kitabu hakikutaja jina lake. Katika ukurasa uliofuata wenzake walikuwa wamekwisha fika melini, wanakunywa chai.

"Walirudi kumchukua?"

"Hawakurudi."

"Wamemwacha mgonjwa kwenye baridi?"

"Ni zamani, Bibi. Ni miaka mia na zaidi."

"Sikukuuliza ni lini."

Bibi akanyanyuka, akachukua kigoda cha wageni, akakiweka upande wa pili wa moto, akageukia mlango uliokuwa wazi na kusema kwa sauti ya kawaida, "Baba, wewe uliye nje kwenye baridi, ingia uote moto."

Katika ukoo ule maneno hayo husemwa na mwanamke mwenye jiko tu, na hayatamkwi kwa mzaha. Mgeni aliyeitwa hivyo haulizwi jina lake, wala haulizwi ataondoka lini. Lukresia alilijua hilo tangu utotoni. Hakudhani kwamba linawahusu watu wa vitabuni.

Baada ya asubuhi ile kigoda kilikutwa kimelowa kila siku. Kisha moto ukabadilika. Ndimi zilikuwa zile zile, kuni ziliisha kama kawaida, ila ukinyoosha mikono hukupata kitu. Beata alibandika maji ya uji kukiwa kunapambazuka, na watoto wa jirani walikwisha rudi kutoka shule yakiwa hayajachemka. Jikoni kukawa na harufu ya chuma kilicholowa na mafuta yaliyooza. Na palikuwa na sauti. Nje, kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja, na kila mtu pale anajua sauti ya kahawa kavu ikikanyagwa. Sauti ilikuwa hiyo hiyo, lakini ilitoka ndani, kwenye sakafu ya udongo isiyo na kahawa hata punje: hatua moja nzito, kisha kitu kinaburutwa, kisha hatua nyingine.

Miguu ya Frederick ikaanza kuwa baridi.

Beata alimkimbiza zahanati. Njiani mtoto alipata joto, na nesi Tumpe alipompima akamkuta mzima.

"Mama Lukresia, umepanda mlima bure," alisema nesi. "Au ulikuwa na hamu ya utani wangu tu?"

"Nesi, twende ukampimie nyumbani. Nakuomba."

Tumpe alikwenda, akiwa na kipimajoto chake mfukoni. Alikaa karibu na moto, akamweka mtoto mapajani, akapima. Kipimajoto kilionyesha herufi tu badala ya namba, maana yake joto halikufika pa kuhesabika. Alikitikisa, akajipima mwenyewe, akakuta yeye ni mzima. Alitazama kigoda kilichokuwa ng'ambo ya moto. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hapo anakaa nani?"

Alisimama, mtoto mikononi.

"Mtoeni mtoto humu," alisema. "Leo."

Walimhamishia nyumba kubwa, chumbani kwa wazazi wake, akafunikwa mablanketi. Adhuhuri Beata alitoka kwenda kuchota maji, akarudi, na alipofungua mlango harufu ya mafuta yaliyooza ikampokea, na kando ya kitanda, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kukileta, kigoda cha wageni kilikuwa kimesimama kimelowa, na mtoto alikuwa kimya, midomo ya rangi ya majivu, na juu ya blanketi, karibu kabisa na kifua chake, palikuwa na alama mbili za unyevu, kama za viganja vya mtu aliyeinama kuota moto.

Beata alimvutia mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama nesi alivyomfundisha, mpaka akalia. Kisha akarudi jikoni kwa mama mkwe wake, mtoto kifuani, kigoda mkononi.

"Mama, ni nani uliyemwita?"

"Hana ubaya," Bibi alinong'ona. "Anaota moto tu."

"Moto gani, Mama? Moto wako hauna joto tena. Anaota mwanangu."

Protasi alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa sala. Alikuja na maji ya baraka, akayanyunyiza kuanzia mlangoni, na matone yalipofika upande wa kigoda yakaanguka sakafuni yakilia kama punje za mahindi zinazomwagwa kwenye sinia. Lukresia aliokota moja. Lilikuwa barafu. Baba yake alipoliona mkononi mwake aliingiwa na hofu iliyomfanya asiulize mtu yeyote. Akaenda kwenye kasha, akatoa kile kitabu chenye jalada la bluu, akakitupa motoni na kukikandamiza kwa kuni mpaka kikaisha. Hatua zile zikasimama. Kwa muda wakafikiri kwamba amekwenda. Kisha zikaanza upya, za haraka zaidi, zikizunguka jiko, kama za mtu anayetafuta mlango alioingilia asiuone.

Kesho yake asubuhi walimwita Mzee Urban kutoka Lituhi, mganga ambaye hata waumini wa pale humwendea wasiseme. Alifika kwa pikipiki, amevaa sweta la kwaya, akasimama kizingitini na hakuingia.

"Shikamoo, mzee," alisema Lukresia.

"Marahaba. Nani kamwita?"

"Mimi," alisema Bibi.

"Kwa maneno gani?"

Bibi alimtajia, akamweleza na habari ya kitabu. Mzee Urban alisikiliza, akashusha pumzi.

"Mimi huwafukuza walioingia wenyewe. Huyu mmemkaribisha, sina mamlaka naye. Kitabu alichotokea kiko wapi?"

Protasi alionyesha majivu.

"Umemchomea njia, ndugu yangu. Sasa hana pa kurudi."

"Tufanye nini?"

"Mgeni husindikizwa. Wenyeji mnalijua hilo kuliko mimi. Atasindikizwa na yule aliyemkaribisha, mpaka mgeni mwenyewe amwambie: rudi, inatosha."

"Na asipomwambia?"

Mzee Urban aligeuka akatazama pikipiki yake. "Hapo sijui. Ila mgeni akibaki, mtoto huyu kesho hataiona, hilo najua."

"Nitakwenda mimi," alisema Protasi.

"Wewe ulimwita?" Bibi alimuuliza, na Protasi akainamisha kichwa.

Beata alimkumbatia mtoto, akatazama chini. Lukresia alisema hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote, kwa sababu mama yake hakuweza kumwomba Bibi aende wala kumwomba abaki, na Bibi, pamoja na macho yake mabovu, aliliona hilo.

"Inua uso, mwanangu," alisema. "Ningekuwa wewe, ningekwisha mfukuza bibi huyu kwa mwiko."

Alifunga kitenge, akasimama mbele ya kigoda, akakunja mkono kama anayempa mgonjwa mahali pa kujishikia. "Twende, baba," alisema. "Nitakutoa."

Jua lilikuwa utosini. Lukresia aliwafuata kwa sababu Bibi hakuona vizuri, na kabla hawajamaliza kuvuka shamba la kahawa alisikia nyuma yake Frederick analia, kilio kikubwa cha njaa, ambacho hakuwa amekisikia tangu kigoda kianze kulowa. Bibi naye alikisikia. Hakugeuka. Walishika njia ya miguu inayoteremka kuelekea Tingi, na katika vumbi, kando ya nyayo za Bibi, palikuwa na alama za maji, moja ya mguu na moja ya mburuto, zikikauka nyuma yao. Mwanamume aliyebeba gunia alikutana nao, akawaamkia, akajibana kwenye majani mpaka ukingoni kabisa, kama anavyofanya mtu anayepisha wawili walioshikana mikono.

"Anasemaje, Bibi?"

"Anasema ni mbele kidogo."

Walikwenda. Lukresia aliuliza tena, na jibu likawa lile lile. Walipofika kwenye mgongo wa mlima ambapo Ziwa Nyasa huonekana chini, jeupe kwa jua, Bibi alisimama. Alikuwa anapumua kwa shida, na pumzi yake ilitoka kama moshi ingawa Lukresia mwenyewe alikuwa anatiririka jasho.

"Amesema?" Lukresia aliuliza. "Bibi, amesema inatosha?"

Bibi alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kiasi kwamba ngozi ya Lukresia ilinata.

"Rudi, mjukuu wangu," alisema Bibi Hildegardi. "Inatosha."

Lukresia alielewa kuwa maneno yale si ya msindikizaji, ni ya mgeni. Alitaka kukataa, lakini mkono ulikwisha mwachia. Chini yake, kwenye njia iliyokuwa inawaka jua, palikuwa na ukungu mdogo unaoteremka, na ndani yake hakuona mtu.

Polisi na wanakijiji walitafuta kuanzia Tingi hadi ufukweni. Hawakupata kitu.

Mzee Urban alifariki mwaka 2021, kwa uzee. Nesi Tumpe yu hai. Aliomba uhamisho akarudi kwao. Protasi na Beata wako hai. Lukresia yu hai, anafundisha, na vitabu vilivyobaki, kasha zima, aliwarudishia misheni. Frederick yu hai, yuko shule ya msingi, mwenye afya. Julai hucheza kifua wazi penye ukungu, na ukimwuliza husema hakuna baridi. Kuhusu Bibi Hildegardi, kila Novemba majina ya marehemu wa ukoo yanaposomwa kanisani, lake halisomwi. Padri mpya aliuliza sababu. Protasi alimjibu kwamba mama yake hajarudi kutoka kumsindikiza mgeni, na kwao mtu wa namna hiyo huhesabiwa yu hai.