Visanduku Vyekundu vya Shangazi

Kila siku ya likizo, asubuhi, mchana na jioni, Kidoti aliingia chumba cha mayai, akasoma kipimajoto cha mashine ya kutotolea vifaranga, kisha akaandika namba kwenye jedwali la kompyuta. Shangazi yake, mfuga kuku, alimwamini kwa kazi hiyo. Ndani ya mashine mlikuwa na mayai mia mbili, nayo yalitarajiwa kuanguliwa kesho.

Lakini chumba kile kilimtisha. Kilikuwa na giza lenye joto, na mayai yalikaa kimya kama watu wanaosikiliza. Basi tangu jana mchana hakuingia tena. Aliketi sebuleni akaandika tu 37.5, joto lililotakiwa. Nani angejua?

Leo asubuhi aliandika 37.5 kwa mara ya tatu. Kisanduku cha namba hiyo kwenye jedwali kikageuka kuwa chekundu. Vile viwili vya juu yake, ambavyo hakuvigusa, navyo vikawa vyekundu. Akafuta namba, wekundu ukatoweka. Akaiandika tena, ukarudi. Nywele zilimsimama. Mle sebuleni hamkuwa na mtu mwingine.

Akatoka mbio hadi uani, ambako shangazi alikuwa akichanganya chakula cha kuku.

"Shangazi, kompyuta imeingiwa na kitu. Inajipaka rangi yenyewe."

Shangazi akaacha koleo. "Umeandika namba ileile mara tatu?"

Kidoti akainama. "Sikupima, shangazi. Naogopa kile chumba. Nisamehe."

Shangazi alikuwa ameshakimbia. Kipimajoto kilionyesha 35. Balbu moja kati ya mbili za kupasha joto ilikuwa imeungua. Akaibadilisha, Kidoti akimmulikia tochi. Kisha wakangoja. Kimya. Machozi yakamlengalenga Kidoti, maana aliona amewaua vifaranga wote.

Tk. Tk. Kitu kikagonga gizani. Akamng'ang'ania shangazi.

"Tulia, mwanangu. Ni kifaranga anabisha hodi."

"Lakini kompyuta ilijuaje?"

"Haikujua lolote. Mimi ndiye niliyeiagiza: namba ikijirudia mara tatu, ipake nyekundu. Joto la kweli hupanda na kushuka kidogo. Namba isiyotikisika imetoka kichwani mwa mtu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako ilikuwa visanduku vitatu."

Kidoti akatabasamu kwa aibu. "Kwa hiyo ulijua nitadanganya?"

"Hapana. Mwaka juzi mimi mwenyewe nilichoka, nikabuni namba, nikaja kufukia mayai mia yaliyoharibika. Hilo sharti nilijiwekea mimi. Ukiogopa, sema, tutaingia wawili. Ila usiandike usichokiona."

Kidoti akakisogelea kipimajoto, akasoma, akaenda kuandika 36.8. Kisanduku kikabaki cheupe.