Kibao cha Djamali

Anayetaka kucheka acheke. Mimi sisemi uongo, na rafiki yangu Atumani si mutu wa porojo. Yuko Kasongo, ana mashini ndogo ya kuchonga mbao, inayoongozwa na kompyuta. Mdogo wake Djamali aliangukiwa na shimo la dhahabu kule Kabambare, kwenye udongo mwekundu, wakashindwa kumtoa. Siku ya tisa baba yao akaamuru kibao cha kaburi kichongwe, matanga yaishe. Atumani alikuwa bado anamngojea mdogo wake.

Saa tisa mchana mvua ilifunga mbingu, karakana ikawa giza. Kila mashini ilipogusa herufi ya kwanza, kompyuta ililia tu-tuu: waya wa USB, unaoiunga na mashini, umekatika. Akabadilisha waya. Tu-tuu. Akauweka mbali na mota, akauchomeka mahali pengine. Tu-tuu.

“Maliza, yaya,” dada yao Safia akamwambia kaka yake. “Tumuache mutoto apumzike.”

“Weye nyamaza! Iko waya tu!”

Kwa hasira akazima jenereta, akachomoa waya, akaushika mkononi. Hapo kompyuta, kwa betri yake, ikalia tuu-tu: umeungwa.

Mota zilikuwa kimya. Kwenye kibao kitu kilikwaruza, polepole. Atumani akainua ncha ya mashini, akamulika kwa simu. Tundu la herufi ya kwanza halikuzidi unene wa ukucha kwa kina, na ubao ulikuwa mkavu. Ndani yake udongo mwekundu, mbichi, ulipanda kama kifua, ukashuka, ukapanda. Kila mara ulikawia zaidi kupanda.