Kisu Kilichotoka Musanda

Kila jioni, kabla hata ya kuvua soksi za shule, Mideva aliingia jikoni kukagua kisu. Alikitoa kwenye mkebe wa vijiko, akakigeuza huku na huku, akapitisha jicho kwenye makali kama mwalimu wa zamu anayekagua kucha. Kisha aliguna. Jumatatu alikuta pengo karibu na ncha. Jumanne alikuta doa la kutu. Jumatano mpini ulianza kucheza.

"Anakimaliza," alijiambia. "Anakimaliza polepole ili kitupwe."

Aliyeshukiwa alikuwa Chepng'etich, mke mpya wa baba yake, ambaye alitoka Kapsabet na kuingia katika nyumba yao ya Lurambi mwezi wa pili. Na kisu kilikuwa cha marehemu mama. Kukhu Phoebe, nyanya yake wa Musanda, alimnunulia binti yake kisu hicho siku alipoanza kupika katika jiko lake mwenyewe. Bapa lake lilikuwa zito, na mpini wake mweusi ulishikwa na pini tatu za shaba. Mama alipofariki, nguo zake ziligawiwa, viatu vyake vikagawiwa, lakini kisu kilibaki jikoni. Kwa hivyo usimcheke Mideva haraka. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alimkumbuka mama yake sana.

Chepng'etich hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo nalo Mideva alilihesabu kuwa kosa. Akiimba jikoni, anaficha kitu. Akinyamaza, anapanga kitu. Akimpakulia Mideva kipande kikubwa cha samaki, anamhonga. Mideva hakumwita mama, wala shangazi, wala jina lolote. Alikuwa amegundua kwamba mtu anaweza kuishi na mtu mwingine miezi mingi kwa kutumia neno "eti" peke yake. "Eti chai iko tayari?" "Eti sabuni imeisha." Chepng'etich alikuwa akiitika tu.

Siku ya Alhamisi, rafiki yake Cindy alipita kumsalimu. Baba yake Mideva, Jairus, alikuwa dereva wa lori la miwa, na hakukosa kurudi na mmoja au miwili. Wasichana waliketi kwenye ngazi ya saruji nyuma ya nyumba, muwa mrefu katikati yao.

"Leta panga basi," Cindy alisema.

"Panga iko stoo. Hiki kitatosha," Mideva alijibu, akakitoa kile kisu. "Tena nikiwa nacho mkononi, yeye hawezi kukigusa."

Akauweka muwa kwenye saruji na kuupiga. Kisu kilikwama kwenye fundo. Akakigonga mgongoni kwa jiwe mpaka muwa ukapasuka.

"Umeona kilivyo butu?" alisema kwa uchungu. "Kabla ya huyu mtu kuja, kisu hiki kilikuwa kinakata nyanya ngozi na yote."

"Mama wa kambo ni mama wa kambo," Cindy alisema, akitema makapi ya muwa. "Hapendi kuona vitu vya mwenye nyumba wa kwanza. Ungekuwa wewe, ungependa?"

Mideva alikisugua kisu kwenye ukingo wa ngazi, kwaru, kwaru, kama alivyowahi kuona watu wakifanya. Wakala muwa, wakamsema Chepng'etich mpaka utamu ukaisha. Kisha Mideva akakidumbukiza kisu ndani ya beseni la vyombo, kikalala humo majini hadi asubuhi. Msomaji, ikiwa umeanza kuona jambo, jikaze usiseme. Mideva mwenyewe hakuliona.

Ijumaa baba alileta habari kwamba Kukhu Phoebe angekuja Jumapili baada ya kanisa. Mideva alifurahi mpaka akasahau kuguna. Siku ya mazishi, Kukhu alimshika mabega na kumwambia, "Ukiteswa, niambie mimi. Nitakuja nikuchukue siku hiyo hiyo." Alikuwa hajawahi kukanyaga nyumba hiyo tangu Chepng'etich aolewe. Mideva alijua kwamba neno moja lake lingetosha kumfanya Kukhu akunje uso na kumwaibisha Chepng'etich mbele ya baba. Alichokosa ni ushahidi tu.

Jumamosi asubuhi ushahidi ulijileta wenyewe. Mideva alikuwa akifagia uani alipomwona Chepng'etich akikifunga kisu kwa gazeti na kukiingiza ndani ya kikapu, chini kabisa, chini ya leso. Kisha akatoka bila kuaga.

Mideva akauacha ufagio hapo hapo, akamfuata mbali mbali mpaka soko la mjini, akajificha nyuma ya magunia ya mkaa. Chepng'etich alisimama mbele ya mnoaji wa visu, mwanamume mmoja mwembamba aliyeketi juu ya baiskeli isiyokwenda popote. Alikuwa akikanyaga pedali, na badala ya gurudumu kwenda mbele, jiwe la kunolea lilikuwa likizunguka. Watu walimwita Fundi Ignatius. Alilifungua gazeti, akakitazama kisu, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akaufungua mpini uliolegea, akamwonyesha Chepng'etich kitu kidogo kilichokuwa chini yake, wakaongea. Chepng'etich akachagua kisu kingine kidogo kati ya vile vilivyopangwa kwenye turubai, akakipima mkononi, akakirudisha, akachukua kingine, akakitia kikapuni. Kisha akaondoka. Kisu cha mama kilibaki pale.

"Amekibadilisha," Mideva alinong'ona. "Amekibadilisha na kijikisu."

Jioni hiyo alijikaza akauliza, "Eti kisu kiko wapi?"

Chepng'etich aliinua macho kutoka kwenye sukuma wiki aliyokuwa akiikatakata kwa kisu cha kuazima kwa jirani. Alimtazama Mideva kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo na kuahirisha.

"Utakiona kesho," alisema.

Jibu gani hilo? Mideva alikwenda kulala akiwa na hasira na machozi, na alikuwa ameshaamua atasema nini Jumapili.

Kukhu Phoebe alifika saa sita na nusu, jogoo akiwa amefungwa miguu kwapani mwake. Chepng'etich hakuwapo; alipotoka kanisani alisema anapitia sokoni mara moja. Mideva alimwamkia bibi yake, "Mulembe, Kukhu," akampa chai. Baba alimchinja jogoo, akarudi kuketi.

"Huyu tutamkata kwa kile kisu changu," Kukhu alisema akitabasamu. "Si bado kipo?"

Mideva alidakia. "Hakipo, Kukhu. Alikipeleka sokoni. Nilimwona kwa macho yangu akikitoa na kupewa kingine. Kwanza alikiharibu, halafu akakibadilisha."

"Mideva!" baba alisema.

Kukhu aliweka kikombe chini polepole. Akasema kwa sauti ya chini, "Jairus, mimi sikuja kugombana. Mtoto akusanye nguo zake. Tutaondoka naye leo."

Wakati huo huo Chepng'etich aliingia mlangoni na kikapu chake. Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemwitikia salamu.

"Binti," Kukhu alisema, "kisu cha marehemu kiko wapi?"

Chepng'etich alipiga goti, akatoa kifurushi cha gazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili. Ndani kilikuwamo kisu. Bapa lilikuwa limeng'aa, pengo halikuonekana tena, na mpini ule ule mweusi ulikuwa umekazwa kwa pini tatu mpya za shaba. Kukhu alikishika, akakilaza juu ya kidole chake, kikatulia bila kuelemea upande wowote.

"Nilikipeleka kwa fundi, Mama," Chepng'etich alisema. "Ilibidi kilale kwake ili mpini ushike. Sikutaka uje ukikute vile kilivyokuwa."

"Kilikuwaje? Nani alikiharibu?"

Chepng'etich alisita. Kwenye gazeti lililofunguka, Mideva aliona vitu vidogo ambavyo fundi alikuwa amevitoa chini ya mpini: nyuzi nyeupe, kavu, zilizogandamana kwa sukari. Alizijua. Zilikuwa nyuzi za muwa. Na alipoinua macho, alikuta Chepng'etich akimtazama, akajua kwamba mwenzake amejua tangu jana.

"Vitu vya jikoni huchakaa, Mama," Chepng'etich alisema, akilikunja gazeti. "Ni kutumika tu."

Hapo Mideva angeweza kunyamaza. Nyuzi zilikuwa zimefichwa, na hakuna ambaye angemuuliza tena. Lakini aibu ilimpanda mpaka masikioni, na ilikuwa mbaya kuliko hofu.

"Si kutumika," alisema. "Ni mimi. Nilikatia muwa. Nilikinoa kwenye saruji. Nilikuwa nakiacha majini usiku kucha. Nikamsingizia yeye."

Baba alishusha pumzi ndefu. Kukhu alimwita mjukuu wake karibu na kumkalisha sakafuni mbele yake.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Ulikuwa unakilinda kisu hiki kwa macho tu, ukimtafuta mwizi. Mikono yako ndiyo ilikuwa inakiharibu. Kisu cha jikoni hukatia chakula, tena juu ya ubao, si juu ya saruji. Ukimaliza unakiosha, unakipangusa papo hapo, unakiweka peke yake. Hilo dogo, utajifunza. Kubwa ni hili: kabla ya kumtaja mtu kwa ubaya, jiulize wewe mwenyewe umefanya nini. Leo ungeivunja nyumba hii kwa jambo ambalo hukulichunguza. Umesema kweli mwishoni, na umesema ilipokuwa vigumu. Ndiyo maana nguo zako zitabaki kabatini."

Kisha akamgeukia Chepng'etich, na uso wake ulikuwa umelegea.

"Na mimi nilihukumu kabla ya kuuliza. Unisamehe, binti. Shika kisu hiki. Jogoo anangoja."

Jikoni, Chepng'etich alitoa kwenye kikapu kile kijikisu cha sokoni na kukiweka mbele ya Mideva. "Hiki ni chako. Nilikichagua kilingane na mkono wako. Chuma chake kimeingia mpaka mwisho wa mpini, hakitachomoka. Kwa vitunguu na viazi hutahitaji kile kikubwa."

Mideva alikishika. Kiganja chake kilikizunguka sawasawa. Badala ya kusema asante, akaanza kumenya vitunguu ili apate sababu ya machozi. Kando yake Chepng'etich alimkata jogoo kwenye viungo, taratibu, na kisu cha Musanda kilipita bila kurarua ngozi. Kukhu alipopelekewa sahani yake, aliitazama nyama ilivyokatwa, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akanawa mikono ale.

Siku ya Jumanne baba alirudi na muwa mmoja mnene. Cindy alikuwa tayari ameketi kwenye ngazi, akingoja. Mideva aliingia jikoni. Kisu kikubwa kilikuwa kimening'inia kwenye msumari wake mpya ukutani, kikavu, na kijikisu kando yake. Alivipita vyote viwili, akatoa kichwa mlangoni.

"Mama," aliita, "panga iko stoo upande gani?"

Kwenye kamba ya nguo, Chepng'etich alisimama kidogo, shati la baba likidondosha maji mkononi mwake.

"Nyuma ya jembe," alijibu. "Na mniachie kipande."