Mwanambuzi Mweusi

Kijana aligonga meza mara mbili kabla ya kusalimu. Hilo ndilo Weris aliloliona kwanza, kabla ya shati la samawati lililopigwa pasi na harufu ya udi. Mbona anagonga, na wanatazamana uso kwa uso? Moyo ukamshtuka, asitake kujiuliza kwa nini.

"Assalamu alaykum, abaayo, dada yangu. Maziwa ya ngamia ni ya leo?"

"Ya asubuhi."

"Na anayeyauza, ameposwa?"

Weris alijificha uso kwa hijabu. Barwaqo, jirani yake wa meza ya pili, alicheka hadi wateja wakageuka. "Kijana, nunua kwanza!"

Aliitwa Kadar, fundi wa simu hapo hapo sokoni Garissa. Alinunua siku hiyo, akarudi kesho yake, na baada ya muda simu ya Weris ikawa inalia kila jioni.

"Macaan, mtamu wangu, mbona hunitaji jina?"

"Naona haya."

"Hata neno moja zuri huna?"

"Maziwa yako ya kesho yatakuwa mazuri. Lala."

Ijumaa moja Kadar alikuja na msichana aliyevaa dera la rangi ya machungwa, lenye nakshi za dhahabu shingoni. Akagonga meza, msichana akageuka, naye akamsemesha kwa mikono. Msichana alicheka, akajibu kwa vidole.

"Huyu ni dada yangu, Sabrin. Hasikii tangu kuzaliwa. Mama anataka kutuma wazee kwenu, nikaona muonane kwanza."

Kikombe kilimponyoka Weris, maziwa yakamwagika mezani. Hakumpa Sabrin mkono. Alichukua mtungi wake akaondoka, karibu akimbie.

Kwao kijijini Hulugho alikuwepo Dullo, mdogo wake, naye alizaliwa hasikii. Mama alikuwa amemkataza Weris kumtaja mjini, asije akakosa mume. Muuguzi mmoja wa kambi ya Dagahaley aliwahi kumweleza mama, Weris akisikiliza mlangoni: uziwi wa Dullo ni kama mbuzi wenu wawili weupe waliozaa mwanambuzi mweusi. Weusi ulikuwa umejificha kwa dume na kwa jike, ukatokea walipokutana. Na wanambuzi wengine, ingawa ni weupe, huenda nao wameubeba.

Yeye huenda amebeba uziwi hivyo hivyo, bila kuonekana. Sasa Kadar naye.

Simu ililia, hakupokea. Ikalia tena, akaizima. Siku chache baadaye Kadar alisimama mbele ya meza, macho mekundu, na safari hii hakugonga.

"Hata wewe," alisema. "Msichana wa kwanza niliyetaka kumposa, wazazi wake walimwona Sabrin wakarudia mlangoni. Nikadhani wewe si kama wao."

"Si Sabrin."

"Sema tu umeogopa damu yetu!"

"Nimeogopa yangu."

Barwaqo aliacha kumimina maziwa. Weris alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nyumbani tunapiga mguu chini ili Dullo ahisi mtikisiko ageuke. Ni mdogo wangu. Hasikii." Akamweleza habari ya mbuzi, maneno yakimtoka vipande vipande.

Kadar alisogea karibu na meza.

"Kwa hiyo huenda tumebeba sote wawili."

"Huenda."

"Tukipata mtoto kama Sabrin?"

"Mwingine atasikia, mwingine hatasikia. Huwezi kuchagua."

"Sijakuuliza habari za kuchagua. Nauliza, utamficha?"

Swali hilo lilimuuma kuliko yote. Alimfikiria Dullo, anayepelekwa nyuma ya nyumba kila wageni wanapofika.

"Sitamficha," alisema. "Na wazee wenu wakija, Dullo atakaa mbele."

"Waje, basi?"

Weris alipangusa ukingo wa meza.

"Abaayo, mjibu mtu!" Barwaqo alifoka. "Maziwa yanaganda!"

Weris aligonga meza mara mbili.

"Kadar," alisema, na jina hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake, "waje. Nakutaka wewe."