Sala ya Watu Mia Mbili

Ilikuwa mwaka 2023, mwezi wa Agosti, katikati ya kiangazi, wakati vumbi jekundu la mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, hupenya hata chini ya milango iliyofungwa. Gaëlle, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekwisha kufagia ua na kuchota maji alipomsikia mama yake akipiga meza kwa kiganja.

"Imekataa tena!"

Mama Lydie alizoea kuwaandikia majirani barua kwa kompyuta ya nyumbani. Siku hiyo, hata hivyo, alikuwa na kazi yake mwenyewe: kutuma hati za Hénoc, kaka mkubwa wa Gaëlle, kwenye chuo cha uuguzi. Zilitakiwa kufika kabla ya saa sita, tena kutoka anwani ileile aliyojiandikishia. Barua pepe ziliingia vizuri. Kutoka ndiko kulikoshindikana. Kila mara seva ya parokia, yaani kompyuta inayopokea barua zao na kuzipeleka mbele, ilijibu kwamba haipitishi.

"Labda tumekosea neno la siri," alisema Hénoc, huku jasho likimtoka ijapokuwa palikuwa na baridi. Wakaliandika upya, herufi kwa herufi. Ikakataa. Wakazima kisanduku cha mtandao, wakakiwasha. Ikakataa.

Saa sita kasoro robo, mama akampigia simu Papa Godefroid, mtunzaji wa seva, wote wakasikiliza.

"Mama Lydie, usisumbuke na waya. Kwako hakuna kilichoharibika. Seva ndiyo iliyokufungia. Jana ilipokea kwako barua mia mbili kwa dakika tatu! Ilipofika ya tisini ikashtuka, ikazizuia zilizobaki. Mwizi amelipata neno lako la siri. Sikufungulii mpaka nikague kila kitu. Siku tatu hivi."

"Siku tatu!" Hénoc alicheka kicheko kikavu. "Basi, kwaheri chuo. Niandalieni beseni, nikauze mikate."

Gaëlle alizitambua barua hizo mia mbili. Jana, mama akiwa sokoni, Syntiche, rafiki yake wa kwaya, alimletea sala: atakayeituma kwa watu mia mbili atajibiwa ombi lake, na atakayeikatiza atapata hasara. Gaëlle alikuwa na ombi moja tu, Hénoc akubaliwe chuoni. Akaituma kwa wateja wote wa mama.

Akinyamaza, nani atajua? Mwizi hana jina. Lakini Hénoc alikuwa ameanza kuzirudisha hati zake katika bahasha, polepole, moja moja.

"Papa Godefroid," alisema Gaëlle akisogelea simu, "mwizi hayupo. Ni mimi."

Mama akamgeukia. "Mutoto huyu! Kwa wateja wangu?"

"Nilikuwa namwombea yaya Hénoc, mama," alisema Gaëlle; kwao yaya ni kaka mkubwa.

"Ukaniombea nikose!" Hénoc alifoka.

"Mtamgombeza baadaye," Godefroid alikatiza. "Gaëlle, neno la siri ulimpa mtu?"

"Hapana, papa."

"Hata huyo aliyekuletea sala?"

"Hata yeye. Niliituma mwenyewe."

"Basi sina cha kukagua. Nazifuta sala zilizobaki kwenye foleni, nawafungulia... Tayari. Tumeni."

Saa sita kasoro dakika tisa hati zilitoka. Dakika tano baadaye chuo kikajibu kwamba zimepokelewa. Hénoc akaketi sakafuni kama aliyeshushwa mzigo.

"Sikiliza, mwanangu," Godefroid alisema. "Kosa lako seva iliweza kulizuia; ukimya wako usingalizuiwa na mashine yoyote. Ungalinyamaza, ningaliendelea kumsaka mwizi asiyekuwepo, na kaka yako angalikosa nafasi yake. Ukikosea, sema mapema, maana ukweli uliochelewa haumponyi mtu. Na tangu alfajiri nimekuwa nikimtafuta mwizi wako. Asubuhi hiyo nakudai."

Jumamosi, saa mbili kamili, Gaëlle alifika parokiani. Akapewa brashi ya kupangusa vumbi lililoganda ndani ya kompyuta nane kuukuu. Saa sita akaiweka brashi mezani.

"Papa, asubuhi yako nimeirudisha."

Godefroid akainama, akachungulia kompyuta ya mwisho. "Feni ya nyuma bado."

Gaëlle akaichukua tena brashi, akaisafisha feni ya nyuma mpaka ikang'aa.