Nani Alimletea Matlal Mbwa?

Mkunga Tlaco alikuwa amebeba kibuyu cha uji wa mahindi, bado wa moto, alipopinda kona ya mfereji na kukuta nyumba ya Matlal haipo. Palipokuwa na kuta nne na paa la magogo, palikuwa na rundo la matofali mabichi, na vumbi lilikuwa halijamaliza kutua juu ya maji. Ilikuwa asubuhi, umande ndio kwanza unakauka.

Kubomoa nyumba halikuwa jambo la ajabu mwaka ule. Wale wageni wenye ndevu walifukuzwa Tenochtitlan wakati wa mvua, wakakimbia na vidonda vyao, lakini ndui yao ikabaki mjini. Ilipita mtaa kwa mtaa. Wafu wakawa wengi kuliko mikono ya kuwazika, hata ikaamuliwa kwamba nyumba ambayo wenyewe wamekwisha wote iangushwe juu yao, iwe ndiyo kaburi. Katika mtaa huu wa Atzacualco kazi hiyo ilifanywa na vijana wanne wakiongozwa na Zolin, mdogo wake Matlal. Watu walimsifu sana Zolin. Walisema ana moyo wa chui.

Lakini Matlal hakuwa amekufa. Jana yake alasiri Tlaco alikuwa amemlisha kwa mkono wake mwenyewe. Homa ilikuwa imeshuka, magamba yanabanduka, na baada ya kumaliza kibuyu kizima mgonjwa aliuliza kama hakuna pilipili. Katika wagonjwa wote aliowauguza, Tlaco hakumkumbuka hata mmoja aliyeomba pilipili kisha akafa.

Aliweka kibuyu chini, akawauliza wale vijana, waliokuwa wamekaa wakijipangusa jasho, ni nani aliyewatuma.

Zolin alijibu kwa upole. Alisema alifika alfajiri, akaonana na shemeji yake Centehua pale nje, naye akamwambia kwamba mumewe amekata roho usiku, na kwamba yeye anahama, nyumba waiangushe. Wakaita mlangoni, hakuitika mtu, wakavuta kamba. Ndani hawakuingia.

"Nyote mlimsikia Centehua?" Tlaco aliuliza.

Yaotl, mvuta kamba mmoja, aliinamisha uso. Alisema yeye alikuwa nyuma ya nyumba akifunga kamba kwenye nguzo, na wenzake pia. Aliyesema amezungumza na mwanamke ni Zolin peke yake.

Wakati huo Centehua mwenyewe akatokea, mtungi mgongoni, ukanda wake umepita kwenye paji la uso. Alikuwa ametoka kuteka maji ya kunywa kwenye birika la mtaa, lile linalofungwa usiku. Alilitazama rundo, akawatazama watu, na ukanda ukateleza. Mtungi ulipasuka pale pale.

Kufikia saa tatu alikuwa ameshafungwa. Mzee wa mtaa, Omacatl, alikuja na shuka lake la pamba begani na watu wengi nyuma yake. Aliyasikiliza maneno ya Tlaco kwamba mgonjwa alikuwa hai jana, akayasikiliza ya Zolin, akayajumlisha upesi. Mama yake Centehua aliletwa mjini kama mateka kutoka Tlaxcala, na Watlaxcala, kila mtu alijua, ndio waliowapa wageni wale chakula na mahali pa kulala. Centehua alikana. Alisema alitoka jua likiwa halijachomoza, akamwacha mumewe amelala, na hakukutana na mtu.

"Tusichoshane, mama Tlaco," Omacatl alisema. "Mke kadanganya mumewe kafa, kaangushiwa nyumba akiwa hai. Na ni damu ya Tlaxcala. Jua likizama, kamba shingoni."

"Mimi nataka kumwona mgonjwa wangu kwanza."

"Mgonjwa wako yuko chini ya ukuta."

"Basi nichimbie, au niache nichimbe."

"Bibi kakumbuka kibuyu alichoacha jana," mmoja wa vijana alitania, na wengine wakacheka kicheko kifupi cha watu waliochoka.

Tlaco aliugeuza uso wake kwenye jua ili wauone vizuri, na vishimo vyake vyote. Aliwaambia kwamba yeye ndui imeshamla ikamtema, na haimli mtu mara mbili, kwa hiyo wanaoogopa wasogee. Wote wakasogea. Zolin alisogea mbali kuliko wote.

Alichimba na wanawake wawili wenye nyuso kama yake. Ilipokaribia saa sita wakamfikia Matlal.

Alikuwa amefungwa kama anavyofungwa maiti: magoti kifuani, shuka limemviringisha, kamba imezungushwa kwa nguvu na kukazwa. Mtu wa kuangukiwa na nyumba usingizini hafi hivyo. Tlaco akafungua shuka usoni. Puani mlikuwa na vumbi lililogeuka tope. Aliingiza kidole kinywani, akakitoa kina tope lile lile, tena kutoka nyuma kabisa, kooni.

"Maiti havuti pumzi," alimwambia Omacatl. "Huyu alifungwa akiwa hai, amedhoofu, na paa lilipoanguka alikuwa anapumua."

Kisha akainua ubao mmoja karibu na miguu ya marehemu. Palikuwa na mbwa pale. Mbwa mdogo, wa manjano, amedungwa kooni, na shingoni amefungwa uzi wa pamba usiokazwa.

Watu wakanong'onezana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mbwa mweupe atasema ameshaoga, mweusi atasema amechafuka; wa manjano peke yake ndiye anayekubali kumbeba bwana wake kuvuka mto wa wafu. Lakini tangu ndui ianze, nani alipewa mbwa? Watu walitupwa ziwani kama maganda.

Omacatl alishika njia ile ile. Alisema ni mke, alitaka kumzika mumewe vizuri. Tlaco akaifungua mikono ya Centehua na kuigeuza viganja juu. Ngozi ilikuwa imebanduka, nyama nyekundu iko wazi, inatoa maji. Mtungi wenyewe aliubeba kwa kichwa kwa sababu hawezi kushika mpini.

"Mwambie akaze kamba hapa mbele yako," Tlaco alisema. "Mwambie amshike mbwa anayepigania roho yake."

Omacatl aliitazama ile mikono. Alisema pengine mwanamke alikuwa na msaidizi. Mkunga anao muda mpaka jua lizame amtafute huyo msaidizi. Jua likizama na hakuna mtu mwingine, ni Centehua.

Tlaco akaondoka kumtafuta mwenye mbwa.

Haikuwa kazi nyepesi, maana Omacatl alikuwa ametoa amri mbwa wote wapelekwe jikoni kwa wapiganaji, na aliyeficha angechapwa hadharani na kubomolewa nyumba. Mlango kwa mlango alijibiwa kwamba hakuna, walishaliwa zamani. Bibi mmoja alimwambia kwamba hata panya sasa wana adabu, hawajitokezi. Mwingine, akichambua magugu ya ziwani ya kupika, alimshauri aende kwa Yaotl, kwa vile Yaotl na Matlal waligombana mpaka wakakunjana. Matlal, fundi seremala, alimtengenezea mtumbwi ukavuja, na Yaotl aliapa mbele za watu kwamba siku moja atamlipa.

Yaotl alikuwa amekaa mlangoni kwake, chakula kiko mbele yake na hakigusi. Alisema hana mbwa. Tlaco hakubisha, aliomba tu kupumzisha miguu. Akakaa kwenye mkeka. Baada ya muda akaokota unywele mmoja kwenye mkeka ule, halafu wa pili, mfupi, wa manjano, akazipanga juu ya goti lake. Alipofikisha wa tano Yaotl akamshika mkono.

"Mama, Omacatl asijue."

"Kuna mwanamke atanyongwa jioni hii, mwanangu, na wewe unaogopa fimbo?"

Basi Yaotl akasema yote. Alimficha mbwa wake chini ya vikapu tangu amri itoke, kwa kuwa baba yake ni mzee na hakutaka aje kusimama ukingoni bila wa kumvusha. Jana kabla ya adhuhuri Zolin alikuja akilia. Alisema kaka yake amekufa alfajiri ile, na kwamba anajua kuna ugomvi, lakini kwa utu tu ampe mbwa.

"Jana, kabla ya adhuhuri," Tlaco alirudia. "Alisema amekwisha kufa?"

"Ndivyo alivyosema. Nikampa. Mtumbwi ni mtumbwi, mama. Nani atamnyima mtu mbwa?"

"Na mimi nilimlisha jana alasiri. Nililisema leo asubuhi, na wewe ulikuwepo."

Yaotl alifunika uso. Alikiri kwamba aliposikia vile, na aliposikia Zolin anasema kaambiwa na shemeji yake alfajiri ya leo, aliona mambo hayakai sawa. Akanyamaza, kwa sababu ya mbwa.

Jua lilikuwa limeegemea milima walipoingia ua wa Omacatl. Kamba ilikuwa tayari, imelazwa juu ya mkeka, na Centehua ameketi kando yake. Zolin alikuwa amesimama pamoja na wazee, mahali pa heshima.

Tlaco alimwomba Zolin amkumbushe tena, maana yeye ni mzee na anasahau. Alijua lini kwamba kaka yake amekufa?

"Leo alfajiri. Aliniambia huyu."

"Na kabla ya hapo ulijua yu hai?"

"Nilijua anaumwa."

"Ndani uliingia?"

"Sikuingia. Nimeshasema."

"Na mbwa ni wa nani?"

"Nitajuaje, mama? Mimi si mchunga mbwa."

Tlaco akamwita Yaotl. Yaotl alieleza akiwa amepiga magoti, haangalii mtu, na hakuruka hata pale pa kuficha mbwa. Omacatl alimgeukia Zolin, akamuuliza ilikuwaje amwombee mbwa wa maziko mtu ambaye alasiri yake alikuwa anaomba pilipili.

Zolin alijaribu kujitetea. Alisema alijiandaa tu, kila mtu alijua Matlal hatapona.

"Mimi nilikuwa najua atapona," Tlaco alisema. "Na wewe ulijua. Ndiyo maana hukungoja. Ulimvizia Centehua alfajiri mpaka akatoka, ukaingia na mbwa na kamba, ukamviringishia shuka usiguse ngozi yake, ukamfunga mtu asiye na nguvu ya kuinua mkono. Kisha ukawaita wenzako wavute. Ninachokosa ni kimoja tu. Kwa nini?"

Zolin alikaa chini, mwenyewe, bila kuamriwa. Alipoanza kusema, alisema kama anayezungumza na mkeka.

Ndui ilipoingia kwa kaka yake, iliwalaza wote: Matlal, mkewe, na watoto wawili. Mtaa ulimkabidhi yeye awapelekee maji na chapati za mahindi. Siku ya kwanza aliingia, akawaona. Siku ya pili aliweka mtungi kizingitini. Baada ya hapo aliishia kona ya mfereji, akamwaga maji, akarudi na mtungi mtupu ili watu wauone. Watoto walitambaa kuelekea mlangoni. Hawakufika. Mwishowe mkunga akawapitia, akawakuta wakubwa bado wanapumua, akaanza kuwaletea uji. Mtaa mzima ulisema watoto wamekufa kwa ndui.

"Kaka alikuwa na akili zake," Zolin alisema. "Aliwasikia wakiomba maji mpaka wakaacha. Juzi nilipita mlangoni, akaniita. Akasema, nikiweza kusimama, nitasimama mbele ya mtaa na kusema nani aliwaua wanangu."

Centehua, ambaye siku zile homa ilikuwa imemchukua hata hakujua mchana wala usiku, alikuwa akiyasikia haya kwa mara ya kwanza. Hakulia.

Tlaco aliuliza tena, taratibu. "Ungemwacha bila mbwa, Zolin, nisingekupata. Ningejua kauawa, nisijue na nani."

"Ni kaka yangu, mama. Angevukaje?"

"Na wanangu?" Centehua alisema.

Wale Zolin alikuwa amewatupa ziwani kwa mkono wake, wamefungwa kwenye mkeka mmoja.

Omacatl aliwaamuru wamfungue mwanamke. Hakumwomba radhi, aliokota tu kamba kutoka ubavuni mwake na kuihamishia upande wa Zolin. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria hata mji ukiwa unakufa, akamuuliza mjane anachagua nini. Akitaka, muuaji anyongwe sasa hivi. Akimsamehe roho yake, atakuwa mtumwa wake mpaka mmoja wao afe.

Wanawake waliokuwa uani walianza kumwambia anyongwe, anyongwe. Centehua alimtazama shemeji yake, halafu akaitazama mikono yake isiyoweza kushika kitu.

"Mwacheni. Ataniletea maji kila siku," alisema. "Na aingie nayo mpaka ndani. Anishikie, ninywe. Hapa nilipo magamba bado hayajaisha. Anioshe kwa maji hayo."

Zolin aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulionyesha hofu, hofu ile ile iliyomsimamisha kona ya mfereji. Alimgeukia Omacatl, akajiburuta kwa magoti hadi miguuni pake, akasema anaomba kamba. Alisema ni haki yake, ameua, na sheria inasema kamba.

Omacatl alikuwa tayari ameikunja na kuiweka kando. Alisema mwenye mtumwa ameshasema.

Tlaco alikwenda kwake, nyumba ya jirani, akarudi na mtungi mzima, mtupu, akauweka chini mbele ya Zolin. Birika lilikuwa halijafungwa bado, na mwanga wa kwenda na kurudi ulitosha.