Santuri Iliyomtaja Kagure

Mwaka wa 1973, siku ya soko pale Karatina, mtu aliyetaka kuuliza bei ya viazi ilimbidi apaze sauti kuyashinda magita. Duka la santuri lililotazamana na soko lilikuwa na spika mbili mlangoni, na akina mama waliopanga karoti walitikisa mabega bila kujijua. Hapo ndipo Wasike alipokutana na Murugi.

Wasike alikuwa mzaliwa wa Bungoma, mwalimu wa shule ya msingi kule Chaka, na kila Jumapili alasiri alipiga gita katika bendi moja ya Nyeri mjini. Alivaa suruali iliyopanuka miguuni na shati la maua, na alikuwa ameinamia spika akijaribu kushika maneno ya wimbo wa Kikuyu. Akajitambulisha kwa msichana aliyesimama karibu, mwenye rinda la manjano na nywele zilizochanwa zikasimama, akamwuliza maana ya neno fulani. Yeye alidhani maana yake ni mpenzi. Murugi akamwambia ni maharagwe.

"Nimeliimba mwezi mzima," Wasike akasema.

"Basi umekuwa ukibembeleza maharagwe, mwalimu."

Murugi alikuwa opareta wa simu katika posta ya Nyeri. Tangu wiki hiyo, kila saa ya chakula cha mchana, Wasike alipiga simu kutoka ofisi ya mwalimu mkuu. Akiulizwa namba, alijibu kwamba hataki namba, anamtaka mwenye sauti. Murugi alicheka, akamfundisha maneno mawili matatu kabla taa za wateja wengine hazijawaka kwenye ubao wa simu. Kwa maneno hayo Wasike alitunga wimbo, na katika kiitikio akaliweka jina la Murugi. Alimwimbia kwanza nyuma ya posta, taratibu, bila gita. Murugi alimsahihisha mahali pamoja tu, kisha akageuza uso ukutani.

Kiongozi wa bendi, Mathenge, aliupenda wimbo huo, na mwezi wa Agosti wakaenda Nairobi kuurekodi.

Santuri ilipofika Nyeri, Murugi aliisikia akiwa mtaa wa Majengo pamoja na Watiri, mwenzake wa kazini. Sauti ya gita aliijua. Maneno aliyajua, mengine yalitoka kinywani mwake mwenyewe. Lakini jina lililoitwa lilikuwa Kagure. Watiri akauliza Kagure ni nani. Murugi akasema hajui.

Kesho yake simu ya Chaka ikaingia.

"Namba tafadhali."

"Murugi, ni mimi."

"Kagure ako na namba?"

"Ngoja nikueleze, mpenzi."

"Kama huna namba, kuna watu wanangoja." Akachomoa waya.

Ilikuwa hivyo kwa wiki tatu. Mwishowe Wasike akaja mjini mwenyewe, akamngoja nje ya posta saa za kufunga kazi. Akamweleza kwamba Kagure ni mke wa Mathenge. Mathenge ndiye aliyeimba, na walipofika studio alisema hawezi kumsifu msichana wa mtu mwingine.

"Na wewe ulikuwa wapi?" Murugi akauliza.

"Nilikuwa hapo. Nimeshika gita."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Niliogopa ataacha wimbo, na nilitaka sana kusikia gita yangu kwa redio."

Murugi alifunga vifungo vya sweta yake kimoja kimoja. "Kwa hivyo hukuwa na mwanamke mwingine. Ulikuwa na santuri."

"Ndiyo."

Akamwacha amesimama. Lakini jibu lile lilimfuata hadi nyumbani. Alikuwa amejiandaa kusikia uongo, na uongo haukuja.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, alikwenda dansini na Watiri, akasimama nyuma karibu na kreti za soda. Watu walipoutaka wimbo ule, Wasike alimwomba Mathenge amwachie aimbe. Mathenge alikuwa amechoka, akakubali, akaketi.

Kwenye kiitikio Wasike akaita Murugi. Watu wakacheka. Akaita tena, na sasa ukumbi mzima ukamsahihisha kwa sauti moja: Kagure. Wasike akafumba macho. Kila walipoita Kagure, yeye aliita Murugi, peke yake, kwa Kikuyu chenye lafudhi ya Bungoma, mpaka wimbo ukaisha.

Mathenge hakugombana. Alimwambia aliache gita, kwani lilikuwa mali ya bendi, na asihangaike kuja tena. Wasike akatoka mikono mitupu, shati limemganda mgongoni. Murugi akamfuata nje.

"Umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa."

"Na Jumapili ijayo utafanya nini?"

"Ukikubali, nitakuja kwenu kumwona baba. Nataka kukuoa, Murugi."

"Kuja," Murugi akasema. "Lakini uongee mwenyewe. Ukinyamaza mbele ya baba, mimi sitakusaidia."

Alikwenda, akaongea. Mzee alimfanya arudie mara mbili, kisha akaagiza chai. Walioana Desemba.

Wimbo ule ulipigwa miaka mingi, kutoka Karatina hadi Nanyuki, na kila mahali ulimwita Kagure. Waliowahi kulisikia jina la kweli ni wale tu waliokuwa ukumbini Jumapili ile, nao walidhani mpiga gita amekosea.